Siku Moja Kigali na Simu Isiyo na Moto

Mwezi huu sikuandika habari za shule kama kawaida yangu. Nimeona niwasimulie safari yangu ya Kigali, maana wengi wenu mliniuliza mama mdogo anaendeleaje, na wengine mlinilaumu kwamba mlipiga simu siku ile mkakatwa. Sababu yake ndiyo hii.

Mama mdogo alikuwa amepelekwa hospitali moja ya Kigali kupasuliwa uvimbe wa tumboni. Kwenye karatasi yake waliandika namba moja tu ya simu, namba yangu. Mimi ndimi niliyepata ruhusa ya kutoka kambini siku mbili, mimi ndimi mwenye simu kubwa, na pesa ya familia yote ilikuwa humo kwenye MoMo. Picha ya karatasi ya rufaa nayo ilikuwa humo humo. Kwa hiyo simu ile ikizimika, ni kama mimi mwenyewe nimezimika.

Jioni kabla ya safari niliipeleka dukani kuchaji, faranga mia kama mnavyojua. Jua lilikuwa limejificha kutwa nzima, betri za sola za mwenye duka zilikuwa zimechoka, nikairudisha ikiwa na asilimia 84. Nikasema inatosha. Hapa Mahama asilimia 84 inanipeleka mpaka kesho yake jioni! Sikujua kwamba siku ya Kigali ni ndefu kuliko siku ya kambini.

Gari liliondoka saa kumi na moja alfajiri, giza bado. Njia ni ile ile: Kirehe, Ngoma, Kayonza, Rwamagana, halafu Kabuga na kuingia mjini. Ukiifikiria sana njia hii inachekesha, maana unapita katikati ya umeme bila kuuona. Mto Akagera huu huu ambao tunakunywa maji yake yakishasafishwa, kule juu kwenye maporomoko ya Rusumo wamejenga bwawa la umeme la megawati 80, na Rwanda, Burundi na Tanzania wanagawana. Mbele, Rwamagana, kwenye kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom, kuna shamba la paneli za jua 28,360. Zimepangwa hivi kwamba ukizitazama kutoka angani unaona ramani ya Afrika. Shamba hilo lilianza kutoa umeme mwaka 2014, megawati 8.5. Nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu wa darasa la sita habari hii, nikajipanga kuchungulia dirishani nione. Barabarani huoni kitu, ni migomba tu.

Kosa langu la kwanza nililifanya humo garini. Kijana aliyekaa kando yangu aliniomba intaneti, nikamfungulia. Mimi mwenyewe nikaweka mwanga wa kioo mpaka mwisho, nikatazama video za mpira. Kosa la pili hata sikujua kama ni kosa: huko kwenye mabonde mtandao unakuja na kuondoka, na simu ikipoteza mtandao inahangaika kuutafuta. Kutafuta huko kunakula betri sana. Ukiwa njiani na huna haja ya kupigiwa, weka hali ya ndege, ile alama ya ndege, simu itulie. Nilipoteremka Nyabugogo saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa na asilimia 51.

Nyabugogo ni bonde, na mji uko juu. Mtu wa kwetu akifika pale anababaika: magari ya kwenda kila pembe ya nchi, wachuuzi, pikipiki zinangoja zimepangwa mstari. Pikipiki Kigali hubeba abiria mmoja tu na lazima avae kofia. Basi la mjini nalo halitaki pesa mkononi, unagusa kadi. Mimi kadi sikuwa nayo, nikapanda kwa miguu mpaka Muhima, jasho likinitoka.

Hospitalini walikuwa watu wema. Waliniambia mgonjwa anaingia chumba cha upasuaji, wageni hawakai ndani, niende nikangoje, watanipigia. Nikauliza, "Saa ngapi?" Dada wa mapokezi akasema, "Leo, leo. Usizime simu." Hilo neno, usizime simu, lilinifuata siku nzima.

Basi nikaanza kungoja katikati ya mji. Kuna barabara moja mjini iliyofungwa magari tangu mwaka 2015, sasa inaitwa Imbuga City Walk, ina viti na miti, watu wanakaa wanapumzika. Nikakaa. Mahali pazuri kabisa, pasafi, hakuna wa kukufukuza. Lakini hapo ndipo ukoo ukaanza kupiga. Nakivale wakapiga. Kigeme wakapiga. Binamu yangu aliyepelekwa Marekani akapiga kwa video, kule kwake ni usiku wa manane, amelala kitandani, anataka nimwonyeshe majumba ya Kigali! Nilimwonyesha mawili, nikaona asilimia 33, nikakata. Amenuna mpaka leo. Ndugu mlio na watu hospitali, nawaombeni: mwenye simu msimpigie kila mtu. Chagueni mmoja apige, halafu awaambie wengine.

Saa sita nilikuwa na asilimia 27. Chaja ninayo mfukoni na waya ninao. Kinachokosekana ni tundu la ukutani. Katika mji wenye taa kila njia panda, mimi natafuta tundu moja. Nilimsogelea kijana anayeuza vocha chini ya mwavuli wake wa njano, nikaona simu yake imechomekwa kwenye pawabenki. Nikamwomba dakika kumi. Akacheka kwa adabu, akasema, "Kaka, hii ndiyo kazi yangu, ikiisha na mimi nafunga." Sikumlaumu.

Nilikuwa nimewahi kusoma habari za Mnyarwanda mmoja, Henri Nyakarundi, aliyekuwa akiishi Marekani. Alipokuwa akija kutembea aliona watu wana simu lakini moto wa kuzichaji ni shida. Katika miaka ya 2010 akaanzisha hapo Kigali kampuni yake ya ARED, wakatengeneza vibanda vya magurudumu vyenye paneli za jua, unavivuta kwa baiskeli mpaka penye watu, unachaji simu nyingi kwa mara moja na kuuza vocha. Siku ile nilikizungusha macho kila kona kibanda cha namna hiyo. Sikukiona.

Nikateremka kwa Mateus, kule kwenye maduka, nikiwa na wazo la kununua pawabenki. Hapa nataka niseme kidogo, maana vijana wetu wanaibiwa sana. Muuzaji alinipa moja iliyoandikwa 50,000, nyepesi kama kandambili, bei rahisi. Hiyo ni uongo mtupu. Pawabenki ya kweli ya 10,000 ina uzito wa gramu kama 200, unausikia mkononi. Tena hiyo 10,000 yenyewe haiingii yote kwenye simu, maana umeme unapobadilishwa kutoka betri moja kwenda nyingine sehemu inapotea kama joto. Utapata 6,000 na kidogo. Simu nyingi za sasa zina betri ya 5,000. Kwa hiyo unajaza mara moja na kipande. Ukiambiwa mara tano, sema asante na uende. Na familia zinazongoja kusafiri kwenda nchi za mbali, jueni kwamba pawabenki haiwekwi kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Ibebeni mkononi, ama watawafungulisha sanduku.

Ya kweli sikuweza kuinunua. Pesa ile ilikuwa ya dawa.

Asilimia 19. Nilizima data, nikapunguza mwanga mpaka kioo kikawa kama usiku, nikaanza kutembea kuelekea Nyamirambo. Kwa nini Nyamirambo? Sikuwa na akili nyingine isipokuwa hii: kule watu wanasema Kiswahili. Kinyarwanda ninakijua, tangu Gihembe nilikulia ndani yake, lakini kuomba ni kazi, na kazi ngumu mtu huifanya kwa lugha inayomtoka haraka. Biryogo na Nyamirambo ndiyo mitaa ya Waswahili wa Kigali tangu zamani. Msikiti wa Al-Fatah, ule wa kijani, wanasema ulijengwa mwaka 1913. Wazee wa pale wanasimulia kwamba wakati wa Wabelgiji mtaa uliitwa kambi ya Waswahili na mtu hakutoka bila kibali. Niliposikia hivyo nilishika mfukoni kibali changu cha siku mbili. Leo Kiswahili ni moja ya lugha rasmi za Rwanda, tangu 2017, na Biryogo wamefunga magari, barabara imepakwa rangi, meza ziko nje, watu wanakunywa chai.

Nikaingia mgahawa mmoja mdogo, mama mmoja mtu mzima amekaa kando ya friji. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Nikaagiza chai na chapati moja, halafu nikauliza kama naweza kuchomeka simu, na kama kuna malipo nilipe. Akanitazama. Wanyarwanda husema simu imeisha *umuriro*, yaani moto, na yeye akanijibu kwa Kiswahili hivyo hivyo: "Moto siuzi mimi, nauza chai. Chomeka." Akachomoa redio yake akanipa tundu.

Nikamweleza habari ya mama mdogo. Hakuniuliza natoka kambi gani. Alisema tu simu niisogeze dirishani, maana kule kwa friji mtandao haufiki, watapiga nisipatikane. Mimi nisingekumbuka hilo! Waya ukafika kwa shida, akaleta kigoda tukaiweka juu yake, kwenye kivuli. Kivuli ni muhimu. Hapa kambini nawaona watu wanaolaza simu juani pamoja na kipaneli chake, inachemka kama kikaango. Paneli ikae juani, simu ikae kivulini. Joto ndilo linaloua betri mapema, na simu ya kufa saa sita mchana mara nyingi ni simu iliyopikwa miezi kadhaa.

Nilikaa pale karibu saa tatu kwa chai mbili na chapati moja. Watu waliingia na kutoka, adhana ya alasiri ikapita. Saa kumi na dakika arobaini simu ikalia, ikiwa na asilimia 71. Sauti ya yule dada: mgonjwa ametoka salama, ameamka, njoo ukae naye usiku, na kesho akiruhusiwa kula umletee uji. Nilisimama nikagonga kigoda. Mama wa mgahawa hakungoja nimwambie, aliona uso. Chai ya pili alikataa nisiilipe.

Usiku nilikaa kwenye benchi. Simu zikaja tena, na safari hii nilizipokea zote, hata ya binamu. Tangu siku ile nina simu ndogo ya tochi niliyoiazima kwa jirani, laini inakaa humo, betri yake inamaliza siku tatu. Kubwa naifungua nikiwa na shida nayo. Namba nne nimeziandika kwenye karatasi na kuishona ndani ya begi. Na kwenye fomu ya hospitali tumeongeza namba ya pili.

Asubuhi mama mdogo alikunywa uji vijiko vitatu, akanyosha mkono akaitaka simu. Ilikuwa asilimia 4. Akampigia binti yake hapa Mahama, sauti ndogo, akamwambia amepona, asilie, na kwamba ufunguo wa sanduku ameuficha kwenye kopo la, simu ikazimika.