Wino Mwekundu

Katika nyumba moja ya Wete, kisiwani Pemba, redio haikuzimwa kwa siku tatu mwezi wa Septemba 2011. Meli ya MV Spice Islander ilikuwa imezama usiku wa kuamkia tarehe 10, ikitoka Unguja kuja Pemba, na miongoni mwa abiria wake alikuwamo mama mdogo wa mtoto mmoja wa miaka mitano. Mtoto yule hakufahamu kwa nini watu wazima wamekaa kitako mbele ya kisanduku wakisubiri jina. Jina halikutajwa. Zilitajwa nambari tu, na kila nambari ilikuja kuipinga ya kabla yake: waliookolewa, walioopolewa, waliozikwa. Maiti waliopatikana walitajwa kuwa takriban 200, na miezi kadhaa baadaye tume ya uchunguzi ikataja watu wengine zaidi ya 1,300 waliokosekana. Meli yenyewe ilikuwa na ruhusa ya kuchukua watu wasiofika 700.

Mtoto yule ndiye aliyekuja kusema, Januari 2024, matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, kwamba anataka kusomea uandishi wa habari. Baba yake hakusema kitu mpaka alipomaliza chai yake. Kisha akauliza: "Mwanangu, kazi hiyo ina mshahara?" Mama yake hakuuliza habari ya mshahara. Aliuliza mtoto atalala wapi mjini, na atalala na nani.

Maswali yote mawili yalikuwa ya haki, na aghalabu ndiyo yanayoamua. Chuo cha uandishi huchaguliwa kwa mlango wake wa nje kabla ya darasa lake: ada, nauli, dahalia, jamaa gani anayo nafasi ya godoro moja zaidi. Hakuna aibu katika hilo. Aibu iko pale mzee anapouza alichonacho, kisha mtoto akarudi na karatasi yenye muhuri huku hajui kuandika habari ya aya tatu.

Walianza na kitabu cha mwongozo cha NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, ambalo mpaka 2021 lilijulikana kama NACTE. Ndani yake mna majina ya vyuo vilivyosajiliwa, masharti ya kujiunga na ada ya kila kozi. Chuo kisichoonekana mle kiachwe hata kama bango lake lina rangi nzuri, na mabango ya namna hiyo hayapungui. Sharti la kujiunga na ngazi ya kwanza ni ufaulu wa masomo manne yasiyokuwa ya dini. Hapo moyo wa baba ukadunda, maana alama aliyojivunia msikitini kwa wenziwe ilikuwa ya Elimu ya Dini ya Kiislamu. Wakahesabu kwa vidole mara mbili: Kiswahili, Kiarabu, Historia, Uraia. Manne kamili. Lingepungua moja, mlango ungefungwa kimya kimya, na wapo wengi ambao umewafunga hivyo baada ya kwisha kulipia fomu.

Jambo la pili walilolikuta ni kwamba safari ni ndefu kuliko ilivyotangazwa. Mtoto wa kidato cha nne huanza na cheti cha awali, mwaka mmoja, kisha hupanda ngazi mbili nyingine mpaka stashahada, na kwa kawaida jumla yake ni miaka mitatu. Yeye alikuwa na wazo la kuishia kwenye cheti ili kumpunguzia baba mzigo. Lakini Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilifuatiwa na kanuni za 2017 ambazo, kwa upande wa Tanzania Bara, ziliifanya stashahada kuwa kiwango cha chini cha mwandishi wa habari. Habari si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria yake ya magazeti ya mwaka 1988. Hata hivyo, nani anayeweza kujua mtoto wa Wete atakwenda kufanya kazi upande gani wa bahari? Cheti cha mwaka mmoja kilionekana rahisi, na kumbe ndicho kilichokuwa ghali, kwani kingemfikisha nusu ya mto.

Baba alifanya hesabu yake kwa pishi. Mchumaji wa karafuu hulipwa kwa pishi, naye baba alikuwa na mikarafuu michache ya urithi na mikono ya kuchumia ya watu wengine. Ada ya mwaka mmoja aliigeuza akaipata katika pishi ngapi za karafuu mbichi, kisha gunia ngapi kavu mbele ya mizani ya ZSTC. Akaongeza kodi ya chumba, akaongeza chakula, akaongeza nauli ya boti ya kwenda na kurudi sikukuu mbili. Hapo ndipo wengi hujidanganya. Ada huandikwa kwenye fomu, ilhali chakula, mafunzo ya vitendo na simu ya kurekodia havikuandikwa popote, navyo vikikusanywa huweza kuipita ada yenyewe. Na karafuu, kama kila Mpemba ajuavyo, haizai sawasawa kila mwaka. Miaka mitatu ya masomo huenda ikapata msimu mmoja mkubwa na miwili ya kuokoteza.

Zamani hakukuwa na jambo la kuchagua. Wengi wa waandishi wa nchi hii walijifunzia kazini, mezani kwa mhariri mkali. Maaskofu walianzisha chuo cha Nyegezi, Mwanza, mwaka 1960, ambacho mwaka 1998 kilikuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Serikali ilifungua Chuo cha Uandishi wa Habari cha Tanzania, Dar es Salaam, mwaka 1975, nacho mwaka 2003 kikaingizwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Unguja ikapata chuo chake cha habari, ambacho baadaye kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Leo vyuo vya watu binafsi vimeongezeka, na mhariri mkali amekuwa adimu. Ajabu ya mambo ni kwamba kile alichokuwa akikitoa mhariri yule bure ndicho anachokwenda kukitafuta mwanafunzi wa leo kwa fedha, na mara nyingi hakikuti.

Wiki mbili baada ya hesabu ile binti alipanda boti Mkoani akashukia Malindi, ambako ami yake, fundi cherahani wa mjini, alikuwa akimngoja. Wakaenda katika vyuo viwili. Majina yake hayana haja hapa.

Chuo cha kwanza kilikuwa na lango la vigae na studio yenye kamera tatu mpya. Msajili, kijana mwenye maneno matamu, aliwaketisha penye kipupwe akawaonesha picha za mahafali. Ami alivutika mno. Binti aliuliza swali moja tu, alilokuwa amelibeba tangu Pemba: mwanafunzi huandika habari ngapi kwa muhula, na nani huzisoma? Msajili akacheka kidogo, akasema kwamba mambo hayo watayaona wakianza. Binti akauliza kama anaweza kuona kazi ya mwanafunzi yeyote. Akaoneshwa tena kamera.

Chuo cha pili kilikuwa ghorofa ya juu ya jengo lililochoka, na ngazi yake ilikosa mkono. Ada yake ilikuwa takriban nusu ya ile ya kwanza, na waliruhusu ilipwe mara nne. Kamera ilikuwa moja. Mwalimu mmoja, mtu mzima aliyewahi kufanya kazi ya redio, alilisikia swali lile lile, akainuka, akatoa kabatini boksi la karatasi. Zilikuwa habari za wanafunzi wa mwaka uliopita, kurasa kwa kurasa, na kila ukurasa ulikuwa umechafuka kwa wino mwekundu. Pembeni ya habari ya ajali ya gari mwalimu alikuwa ameandika: "Watano, umewahesabu wewe au umesikia?" Chini yake mwanafunzi alikuwa ameandika upya, na chini ya hapo wino mwekundu ulirudi tena, mchache zaidi.

Binti alikishika kikaratasi kile muda mrefu kuliko adabu ilivyoruhusu.

Watu wa mashairi hawatastaajabu. Hakuna chuo cha shairi katika visiwa hivi, wala mtunzi hakulipa ada, ila kila mtunzi wa maana ana mtu mmoja aliyemsomea beti zake akamwambia kwamba kina hiki umekilazimisha na mizani hii imepwaya. Aliyekosa mtu huyo hujaza madaftari, na madaftari yale hubaki yalivyo. Habari nayo ni kazi ya mkono, na mkono haujifunzi kwa kutazama kamera.

Njiani kurudi, ami hakuificha hasira yake. Alisema mtoto amechagua ngazi mbovu. Alisema, na hapa hakukosea, kwamba kamera moja kwa darasa zima ni upungufu, na kwamba mwenye kutaka kazi ya televisheni atajuta. Binti alikubali. Kisha akamwambia kwamba simu ya mtu mmoja leo hupiga picha ya kutosha kufundishia, lakini hakuna simu itakayomuuliza amehesabu au amesikia. Ami akanyamaza mpaka Darajani, akanunua miwa, wakaila wamesimama.

Yapo mengine ambayo boksi lile halikuyajibu. Halikusema kama mwalimu yule mtu mzima atakuwapo bado mwaka wa tatu. Halikusema kazi itapatikana wapi, katika visiwa ambavyo vyombo vikubwa ni vya Serikali, na ambamo gazeti la Dira, lililoanza 2002 likapendwa, lilifungiwa Novemba 2003 likiwa halijatimiza hata miaka miwili. Mzazi anayeuliza habari ya mshahara hakosi sababu. Binti naye hakumwahidi kitu. Alimpa baba yake karatasi yenye safu mbili za hesabu na, chini yake, mstari mmoja: chuo cha pili, awamu nne, chumba kwa ami.

Baba aliuza gunia mbili zilizobaki stoo, ambazo alikuwa ameziweka kungojea shida. Mama akatoa kikuku chake kimoja, si viwili. Masomo yalipoanza, godoro liliwekwa baina ya cherahani na mlango, na usiku wa mwanzo binti alilala akisikia vipande vya nguo vikianguka kila upepo ulipopita.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa habari ya bandarini Malindi, siku yenye abiria wengi wa kwenda Pemba. Aliandika kwamba boti ilijaa sana. Karatasi ilirudi siku ya tatu. Neno "sana" lilikuwa limezungushiwa duara jekundu, na pembeni mwalimu aliandika: "Watu wangapi? Nenda kaulize cheti cha boti, kisha simama mlangoni uhesabu." Alfajiri ya Jumamosi alikuwa bandarini na daftari, akipiga mistari mitano mitano, na mlinzi mmoja akamuuliza anamngoja nani.