Daftari la Udongo

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyakazi wa mjini aulizwapo faida ya shamba lake la nyumbani, hutaja magunia aliyovuna, akatoa gharama ya mbegu, mbolea na vibarua, kisha akahesabu kilichosalia. Hesabu hiyo ni njema, ila imesahau mtaji ulio mkubwa kuliko yote, nao ni udongo.

Mimi ni mzaliwa wa milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma. Huko mababu zetu, ambao vita vya karne ya 19 viliwabana kwenye miteremko mikali, walistawisha kilimo cha ngoro. Mvua zinapokaribia kwisha, yapata mwezi Machi, majani hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, ikafanya miraba. Kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kuyafunika majani yale. Hubaki mashimo yaliyozungukwa na matuta, mfano wa sega la nyuki. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata hupandwa mahindi. Maji ya mvua hutuama mashimoni badala ya kuteremka na rutuba, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Kwa njia hiyo miteremko ile imelisha vizazi kwa zaidi ya miaka 100.

Hicho ndicho wataalamu wakiitacho kilimo endelevu: kuvuna mwaka huu pasipo kula mtaji wa mwaka ujao.

Hata hivyo, sifa hazichimbi shimo. Kwa desturi, wanaume hufyeka na kulaza majani. Wanawake ndio wachimbao na kupanda. Mwaka juzi mdogo wangu, anayelitunza shamba letu, alitaka kuacha ngoro na kulima sesa, yaani bila matuta wala mashimo, kwa kuwa vijana wa kusaidia wamehamia mijini. Sisi tuishio mjini tulipoanza kuitetea ngoro, mkewe alijibu kwa upole, "Shemeji, ngoro ni nzuri, lakini mgongo ni wangu."

Basi tukalifungua daftari upya. Kulima sesa kungepunguza siku nyingi za jembe. Lakini mteremkoni udongo wa juu huondoka na mvua, na rutuba iliyokwenda na maji hulazimu kununuliwa dukani kwa mfuko. Bei ya mfuko huo hatuipangi sisi. Mbolea ilipopanda bei duniani mwaka 2021 na 2022, Serikali ilianza kutoa ruzuku katika msimu wa 2022/23 ili kumpunguzia mkulima mzigo. Msaada huo ni mwema, lakini mbolea huhitaji udongo wa kuishika. Ikitiwa kwenye mteremko usio na kinga, fedha ya mkulima huishia mtoni.

Tulikubaliana hivi: mteremko mkali ubaki wa ngoro, na kipande cha tambarare kilichoko bondeni kilimwe sesa. Wanaume wa nyumbani washike jembe la kuchimba pia, si mundu pekee. Nasi watatu tulio mjini tuchange ujira wa vibarua kila Machi, kabla hatujadai hata debe moja la maharage.

Ndugu msomaji, huenda nawe una shamba kwenu linalotunzwa na ndugu, nawe hupelekewa gunia kila mavuno. Ukilipokea, uliza shamba limebaki katika hali gani, na ni nani aliyeinama ili libaki hivyo. Kilimo hakiwezi kudumu ikiwa faida yake yaja mjini na gharama yake yote yabaki mgongoni mwa mtu mmoja kijijini. Mtu huyo akichoka, hatatuandikia barua. Ataacha kuchimba, na mvua itamaliza kazi.