Sungura na Kijinga cha Moto

Waovu wa hadithi zetu ni wengi, lakini waovu wapendwao ni wachache. Zimwi huogopwa, Fisi huchekwa kwa ulafi wake, na Simba hustahiwa kwa nguvu zake hata pale anapodhulumu. Sungura peke yake amepewa ruhusa ya kusema uongo, ya kuiba na ya kumponza rafiki, na juu ya hayo yote wasikilizaji wakamwombea apate kukimbia. Jambo hili limenishughulisha kwa miaka mingi ya kufundisha fasihi simulizi, hasa katika kisa kimoja ambamo Sungura anashika moto mkononi. Mtundu mwenye moto ni kiumbe wa kuogopwa katika kila nchi yenye majani makavu, na mimi nilizaliwa katika nchi ya namna hiyo, karibu na Ifakara, katika bonde la Kilombero. Kwa hiyo nataka kumpima Sungura huyu kwa mizani ya bonde lile, nione kama jina la mwovu linamfaa. Na kama halimfai, nione linamfaa nani.

Kisa chenyewe ni maarufu pwani na bara. George Bateman alikichapa kwa Kiingereza mjini Chicago mwaka 1901 pamoja na hadithi nyingine za Unguja. Mimi nilikisikia utotoni kwa bibi yangu, na tofauti baina ya usimulizi wa kitabu na usimulizi wa bibi ni ndogo. Sungura anaona nyuki juu ya mbuyu. Anakwenda kwa Panya Buku, anamwambia kwamba baba yake amekufa na kumwachia mzinga wa asali, naye angependa mwenziwe aje kumsaidia kuila. Buku anakubali mara moja. Wanapanda na majani makavu, wanayawasha, nyuki wanakimbia moshi, moto unazimwa, karamu inaanza. Punde si punde Simba anafika chini ya mti. Katika masimulizi ya bibi yangu, Simba huyo ndiye mwenye mbuyu. Sungura anamwomba Buku amfunge ndani ya majani na kumtupa chini kama takataka. Simba anasogea kupisha mzigo, macho yake yako juu, na Sungura anachomoka anakwenda zake. Buku anashuka na kuuawa.

Tukitafuta asili ya mhusika huyu hatupati ukoo wala kijiji. Baba yake hatajwi ila akiwa maiti, tena hutajwa ili kuhalalisha mali isiyo ya mwanawe. Mwili wake ni mdogo, hana ukucha wala jino la kutisha, na kwa sababu hiyo hadithi imempa vitu viwili badala ya silaha: ulimi na kijinga cha moto. Kwa ulimi anapata mwenzi, kwa moto anapata asali. Tabia yake ni nyepesi. Hana chuki na Simba, wala hana kisasi na nyuki. Buku mwenyewe hakumkosea neno. Mtu akimuuliza kwa nini alifanya yale aliyoyafanya, yamkini angejibu kwamba asali ilikuwa tamu, na kwamba mti ulikuwa mrefu kwa mtu mmoja.

Katika kisa hiki kuna tendo dogo ambalo wasomaji wengi hulipita bila kulitazama: moto ulizimwa kabla ya karamu. Mwaka mmoja nililitaja darasani, na mwanafunzi mmoja akasimama kunipinga. "Mwalimu," alisema, "hakuuzima kwa wema. Aliuzima kwa ajili ya tumbo lake." Nilimjibu kwamba amesema kweli, na kwamba ukweli huo ndio ufunguo wa mhusika mzima. Mtu anayetaka kula asali hauchomi mti uliobeba asali. Tamaa ya Sungura ina mpaka wake ndani yake yenyewe. Anahitaji mbuyu usimame, nyuki warudi, na kesho apate njia ya kuja tena kuiba. Ni mwizi, ni mwongo, na mauti ya Buku yamo juu ya shingo yake. Mwanafunzi wangu hakukosea kumwita mwovu. Lakini uovu wake ni wa kiasi, na katika mambo ya moto kiasi si jambo dogo.

Watu wa Kilombero wanalijua hilo kuliko wengi. Bonde lao limelala baina ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Mto wake, ambao vitabu vya zamani huuita pia Ulanga, hukutana na Luwegu na kuuzaa Rufiji. Wakati wa masika maji hutapakaa mbugani. Wakati wa kiangazi majani yaliyokua kupita kimo cha mtu hukauka, na moto huanza. Mkulima huwasha moto kusafisha shamba la mpunga. Mwindaji huwasha kumtoa sheshe mafichoni. Mfugaji huwasha ili majani machanga yachipue. Mrina asali hupanda na moshi wake kama Sungura, na katika mashamba ya miwa ya Kilombero, ambako kiwanda cha sukari kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, miwa huchomwa kwanza ndipo wakataji waingie na mapanga. Kwa hiyo kushika moto peke yake si dalili ya uovu huko kwetu. Watu huangalia mambo mengine: kama mwashaji amefyeka ukanda wa kuzuia moto, kama ametazama upepo, kama amewaambia jirani zake, na kama amebaki mpaka jivu limepoa.

Bibi yangu alimcheka sana Sungura, na alipofika pale anapotupwa chini ndani ya majani sauti yake iliruka kwa furaha. Hata hivyo palikuwa na mzaha mmoja asioustahimili. Mjukuu aliyetania kwamba atachoma kihenge cha mpunga hakupata hadithi usiku ule. "Mbuga huota tena, mjukuu wangu," alikuwa akisema. "Mbegu ikiungua utapanda nini?" Maneno hayo yalikuwa na umri kupita wake. Aliyapokea kwa wazazi wake, na wazazi wake walikuwa watoto wa watu walioishi bondeni katika miaka ya 1905 hadi 1907.

Miaka hiyo ilikuwa ya Vita vya Maji Maji. Chanzo chake kinafahamika: kodi, kazi za shuruti, na mashamba ya pamba ambayo serikali ya Wadachi iliwalazimisha watu kuyalima kwa faida ya wengine. Wamatumbi waliing'oa pamba hiyo mwezi wa Julai 1905. Dawa ya maji, iliyotoka kwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ilivuka mito na milima ikafika kwa Wambunga na Wapogoro, na mwezi wa Agosti vita vilikuwa vimekwisha fika Ifakara na Mahenge. Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu waliishambulia ngome ya Mahenge wakiamini kwamba risasi zitageuka maji. Bunduki za rashasha ziliwajibu, na mamia walianguka mbele ya ngome.

Lakini bunduki hazikumaliza vita, maana watu walitawanyika porini na kupigana kwa kuvizia. Hapo ndipo moto ulipoitwa. Mwezi wa Oktoba 1905 Kapteni Wangenheim, afisa wa jeshi la Wadachi, alimwandikia gavana wake maoni kwamba mapigano peke yake ni tone katika bahari, na kwamba njaa ndiyo itakayowafanya watu wasalimu amri. Gavana aliikubali njia hiyo. Vikosi vikapita kusini ya nchi vikichoma vijiji, vikinyang'anya nafaka, vikiteketeza mashamba na kuwazuia watu kulima mapya. Dawa ya moto ni moto, husema wahenga. Lakini watu hawa walikuwa wamekuja na maji.

Gavana huyo ni Gustav Adolf von Götzen, na kwa kuwa tumechunguza asili ya Sungura, haki yataka tuichunguze na yake. Yeye ukoo alikuwa nao. Alizaliwa mwaka 1866 huko Silesia katika nyumba ya makabaila, akawa afisa wa jeshi, akasoma, akasafiri. Katika miaka ya 1893 na 1894 aliivuka Afrika kutoka Pangani hadi pwani ya magharibi. Njiani alipita Rwanda, akafika ziwa Kivu, akapanda mlima wa moto wa Nyiragongo na kuchungulia tundu lake. Aliandika kitabu juu ya safari hiyo. Baadaye aliiwakilisha nchi yake Washington katika mambo ya jeshi, na mwaka 1901 akawa gavana Dar es Salaam. Alipojiuzulu mwaka 1906 alirudi kwao, akaandika kitabu kingine juu ya vita vile, kikachapishwa mwaka 1909, na mwaka 1910 akafariki Hamburg. Huu si wasifu wa zimwi. Ni wasifu wa mtu mstaarabu kwa kipimo cha watu wake, mwenye kalamu nzuri na udadisi wa kweli juu ya nchi alizozipita.

Msomaji atafute katika wasifu huo utundu, hatauona. Atafute kicheko, hatakisikia. Hapo ndipo mizani ya bonde inapomtenga mtu huyu na Sungura. Sungura alikuwa dhaifu aliyeiba kwa mwenye nguvu. Katika mwaka 1905 Simba mwenyewe ndiye aliyepanda mtini na kijinga, ili awaondolee wadogo asali na mzinga pamoja. Sungura alishika moto kwa mkono wake, na kama upepo ungegeuka ungemchoma yeye. Gavana alikuwa Dar es Salaam, na mikono iliyotia moto mapaa ya nyumba bondeni ilikuwa ya askari, wengi wao Waafrika, walioamriwa. Askari hao hawana udhuru wote, kama Buku asivyokuwa na udhuru wote kwa kula asali asiyouliza habari zake. Lakini mwenye shauri ni mwingine. Na tena Sungura aliuzima moto kwa sababu alihitaji kitu kibaki. Shauri la njaa halihitaji kitu kibaki. Faida yake yote imo katika kutobaki kitu, na kwa sababu hiyo halina mahali pa kusema: hapa yatosha.

Hesabu za serikali ya wakati ule zilitaja watu 75,000 waliokufa upande wa wananchi. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya kumbukumbu za vita hivi, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Upande wa pili walikufa Wazungu 15 pamoja na askari Waafrika 389. Sehemu kubwa ya wananchi waliokufa hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na njaa na maradhi, yaani waliuawa na moto uliopita katika vihenge vyao miezi mingi kabla. Moto huzaa jivu, wasema wazee, lakini jivu hili lilizaa watoto wake nalo.

Wengine hutaka kusamehe haya kwa kusema kwamba gavana hakuwa katili wa moyo, kwamba alikuwa na askari wachache na nchi kubwa, na kwamba alichagua njia fupi. Mimi nayakubali maelezo hayo na kuyakataa kuwa udhuru. Fasihi imetuzoeza kumtafuta mwovu katika uso: katika jicho jekundu la zimwi, katika kicheko cha mtundu anayewasha majani. Mazoea hayo yana hatari yake, kwa kuwa mtu akikosa kuliona jicho jekundu hudhani kwamba uovu haupo. Katika bonde la Kilombero moto mkubwa kuliko yote ulitoka katika barua iliyoandikwa kwa utulivu na kusomwa kwa utulivu.

Historia nayo ina namna yake ya kufanya utani. Wadachi waliunda meli kubwa kwa ziwa Tanganyika, wakaipa jina la gavana huyo, na mwaka 1915 ikashushwa majini Kigoma. Mwaka uliofuata waliizamisha wenyewe ili isitwaliwe na adui. Iliibuliwa mwaka 1924, na iliporudi kazini mwaka 1927 ilipewa jina la Liemba, ambalo vizazi vya wasafiri wa ziwa lile wamelizoea. Jina la mwenye moto lilifutwa na maji. Ni haki ndogo, lakini nayaona kuwa malipo yenye adabu.

Basi nitaendelea kumfundisha Sungura kama mhusika mwovu, kwa kuwa damu ya Buku yadai hivyo, na nitaendelea kuwaacha wanafunzi wangu wamcheke. Pamoja na kicheko hicho nitawataka waulize juu ya kila mshika moto, wa hadithini na wa historia, maswali wanayouliza watu wa mbugani: asali ni ya nani, upepo unavuma kumwelekea nani, na nani atabaki mpaka jivu lipoe. Moto wa mwaka 1905 haukuzimwa na walioutuma. Ulizimwa na mvua, na na watu waliobaki, waliorudi mashambani na mbegu walizokuwa wamezificha, wakazigawana, wakapanda.