Nje ya Uzio

Ukikaa Kihonda, Morogoro, karibu na barabara ya Dodoma, masikio yanajifunza malori kabla ya macho. Malori ya mafuta yanayotoka Dar es Salaam hugawana njia pale Msamvu: ya Zambia na Malawi yanashika barabara ya Iringa, ya Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo yanakuja kwetu. Usiku wa manane unasikia gia ikishushwa, breki za upepo zikipumua, kimya kidogo, halafu linakuja jingine. Kusini kote safu ya milima ya Uluguru imekaa gizani na mawingu yake.

Nimeishi na mlio huo tangu mwaka 2007, nilipohamia hapa kwa kazi ya ofisa usalama katika kampuni ya mafuta iliyokuwa na sheli kadhaa mkoani. Sheli zote hizo zilikuwa na mtu wa usalama mmoja tu, mimi, na bosi wangu alikuwa Dar.

Jioni moja ya mwaka 2010 lori lilifika kushusha petroli kwenye sheli yetu, nikakuta kibanio cha waya wa erthi kimekatika. Petroli ikipita kwenye mpira inazalisha umeme tuli, na waya ule ndio unaoupeleka umeme huo ardhini kabla haujaruka cheche. Nikasema lori halishushi. Meneja wa kituo alikuwa amebakiwa na mafuta kidogo sana tankini na foleni ya daladala ilishafika barabarani. Bosi akanipigia simu: "Dada, wewe umeajiriwa tuuze au tufunge duka?" Nilisimama pale pale mpaka kibanio kingine kikaletwa kutoka mjini, saa mbili na nusu usiku. Lori likashusha salama, nikarudi nyumbani, nikalia. Sikuwa na mtu hata mmoja wa kumpigia simu ambaye angeelewa kwa nini kipande cha waya kinazuia lori la lita 35,000.

Chama chetu cha watu wa usalama wa mafuta kilizaliwa kwa sababu hiyo. Kumbe tulikuwa wengi, kila mmoja amesimama peke yake kwenye geti lake. Mwaka 2011 tulikutana watu kumi na mmoja katika ukumbi mdogo wa kukodi, si mbali na chuo cha VETA Kihonda: wa sheli, wa kampuni za malori, wa bohari za viwandani, na mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi za mafuta tangu ujana wake. Siku ile tuliongea kuanzia saa tatu hadi jua likazama. Kila aliyesimulia yaliyompata kazini kwake alikuta wenzake wanatikisa vichwa, kwa sababu na wao yaliwapata.

Yule mzee alitupeleka mbali zaidi. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi mwezi Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia yake ya kusini, na mafuta yake yakaanza kupita kwetu yakiwa kwenye mapipa, juu ya malori, katika barabara ambayo wakati huo ilikuwa vumbi na matope. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi mwaka 1968. Mzee alikuwa kijana mdogo miaka hiyo ya mapipa. Alituambia kwamba pipa likianguka, watu walitoka mashambani na vibuyu na sufuria, wakachota. "Mafuta hapa Morogoro ni mgeni anayepita," alisema. "Hayajawahi kulala kwetu. Likidondoka tone, mtu anaona amepewa salamu." Niliandika maneno hayo kwenye daftari kwa sababu nilikuwa nimechaguliwa katibu. Nikafunua ukurasa mwingine.

Kuendesha chama ni kazi ya jasho. Tuliandika katiba, tukaikataa, tukaiandika tena. Tuliandaa orodha ya waanzilishi na barua kwa ajili ya Msajili wa Jumuiya. Ada tuliweka shilingi 20,000 kwa mwaka, na kuikusanya kulihitaji moyo wa pekee. Nyakati nazo zilikuwa zinatubeba. OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, ilikuwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na waajiri walikuwa wameanza kuiogopa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na uchakachuaji, neno lililotoka kwenye matanki likaenda mpaka kwenye siasa. Mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuyachanganya na dizeli kusiwe na faida. Ghafla watu waliojua mafuta walianza kusikilizwa. Wanachama wakafika ishirini, kisha arobaini na zaidi.

Sijutii miaka hiyo. Mwanachama akizuiwa na bosi wake, alipiga simu na wenzake watatu wakampa kifungu cha sheria. Wapo waliookoa kazi zao hivyo. Naamini na maisha yaliokolewa, ingawa ajali isiyotokea haina tarehe ya kuandikwa.

Lakini zile kaunta buku za kumbukumbu za vikao ninazo hadi leo, na nimezisoma upya ukurasa kwa ukurasa. Mwandiko ni wangu. Ajenda ni sare, vyeti, nani anastahili kuitwa mtaalamu na nani ni mlinzi aliyepewa kofia ngumu. Kikao kimoja cha mwaka 2013 tulizungumzia Sachangwan, kule Kenya, ambako Januari 31, 2009 lori la mafuta lilianguka, watu wakaenda kuchota, moto ukaua zaidi ya 110. Tukataja na Sange, Kivu Kusini, Julai 2010, ambako walikufa zaidi ya 200. Nimeandika: "Wajumbe walisikitika." Halafu kuna ajenda ya mwisho, Elimu kwa Jamii, na mbele yake maneno "imeahirishwa kwa kukosa muda". Maneno hayo hayo yamo katika vikao vitano.

Jumamosi ya Agosti 10, 2019, siku mbili baada ya Nane Nane, nilikuwa uani nafua. Jirani aliniita nitazame kusini. Moshi mweusi ulikuwa umesimama wima mbele ya mlima. Ukishaufanyia kazi moto wa mafuta, rangi ya moshi wake hutaisahau. Niliacha nguo kwenye beseni.

Lori lilikuwa limepinduka Msamvu asubuhi ile, karibu na stendi kuu ya mabasi, likimwaga petroli. Watu walikimbilia na madumu, na wengi wao walikuwa vijana wa bodaboda, kwa sababu ndio wanaofika popote kwanza. Nilipofika, polisi na Zimamoto walishafunga eneo. Kwa mbali niliona mifupa ya pikipiki, nyingi, zimelala upande mmoja kama zilizoegeshwa kwa mpangilio. Karibu na mguu wangu kulikuwa na dumu la njano la lita tano, nusu yake imeyeyuka na kushikana na lami, nusu nyingine nzima kabisa, na mfuniko wake umefungwa vizuri.

Kesho yake tulizika katika makaburi ya Kola. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliongoza mazishi na Rais Magufuli alikuwa ametangaza siku tatu za maombolezo. Wapo waliozikwa kabla ndugu zao hawajawatambua, na sampuli za vinasaba zikachukuliwa ili watambuliwe baadaye. Kwa karibu miaka kumi neno vinasaba kwangu lilikuwa neno la mafuta. Majeruhi walipelekwa Muhimbili, na kila siku redio ilitaja idadi mpya, mpaka kabla mwezi haujaisha ikavuka 100.

Jumamosi iliyofuata tulikutana. Ukumbi ulijaa kuliko siku zote. Neno lililozunguka lilikuwa tamaa: watu wana tamaa, watu hawasikii, wameambiwa mara ngapi. Yule mzee, ambaye wakati huo alitembelea fimbo, alisubiri mpaka wote wamalize. "Wanangu," akasema, "hao wameambiwa na nani? Nionyesheni aliyekwenda kuwaambia." Hakuna aliyesimama. Nikafungua kaunta buku nikasoma kwa sauti zile ajenda tano zilizoahirishwa, na tarehe zake. Nilipomaliza sikuweza kusoma kingine.

Kuhusu tamaa nina la kusema, kwa sababu bado nalisikia. Lita ya petroli wakati ule ilizidi shilingi 2,000. Dumu la lita tano lilizidi elfu kumi. Kijana anayeendesha pikipiki ya mtu anadaiwa hesabu kila jioni, apate abiria asipate. Dumu moja lingelipa hesabu ya siku ile na chenji ikabaki. Mwenye mshahara asiliite hilo tamaa. Na jambo ambalo lingemrudisha nyuma, kwamba petroli inaua kabla haijaguswa, tulikuwa tunalijua sisi, tumelifungia ndani ya uzio pamoja na mitungi yetu ya kuzimia moto.

Tulibadilisha katiba. Viongozi wa vijiwe vya bodaboda na mama lishe wa kando ya barabara wakaruhusiwa kuwa wanachama washiriki, bila ada. Baadhi ya wenzetu waliona tumeshusha hadhi ya taaluma, wakajitoa. Niliwaandikia barua za shukrani, kwani walikitumikia chama kwa uaminifu.

Kijiwe cha kwanza tulichokwenda tuliharibu. Tuliongea dakika arobaini kwa lugha ya semina, vijana wakatusikiliza kwa adabu kama watu walio msibani. Mmoja akanyoosha mkono: "Shikamoo mama. Siku ile wewe ulikuwa wapi?" Kaka yake alikuwa amezikwa Kola. Nikamjibu kwamba nilikuwa nyumbani nafua. Akaitikia kwa kichwa, akapiga kiki pikipiki yake, akaondoka.

Safari ya pili hatukwenda na hotuba. Tulichukua bati la mfereji wa mvua, mita mbili, tukaliegemeza kwenye matofali likawa na mteremko. Chini tukawasha mshumaa. Juu tukaweka kitambaa kilicholowa kijiko kimoja cha petroli, mtungi wa kuzimia moto ukiwa mkononi mwa mwenzangu. Nikawaambia watazame tu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu kama moshi, unatambaa chini kama maji, na hauonekani. Zilipita sekunde chache kimya. Kisha mshumaa ukatikisika, na moto ukapanda lile bati kwa kasi kuliko jicho, ukakifuata kitambaa kule juu. Vijana walirudi nyuma wote kwa pamoja. Kijana mmoja akainama akashika silensa ya pikipiki yake, ambayo bado ilikuwa ya moto, akatazama kitambaa, akatazama silensa. "Kwa hiyo hii ndiyo mshumaa," akasema. Mimi nilikuwa nimetafuta namna ya kulisema hilo miaka minane.

Bati lile tumelibeba Kihonda yote, tukalipeleka mpaka Mkundi. Tumewafundisha kusoma kibao cha rangi ya chungwa nyuma ya lori: 1203 ni petroli, 1202 dizeli, 1223 mafuta ya taa. Tumewafundisha kukaa upande upepo unakotoka, kuzima injini na kusukuma pikipiki kwa mikono, kupiga 114 kuwaita Zimamoto. Wakaanza kuniita Mama Sefti, na watoto wa mtaa wakawa wanasoma namba za malori yakipita, wanagombania nani kaona kwanza. Treni ya mwendokasi ilipoanza kubeba abiria Juni 2024, vijana wengi walihamia stesheni, nasi tukawafuata na bati letu.

Kabla ya hapo, Septemba 2023, saa mbili usiku, simu yangu iliita. "Mama Sefti, lori limesimama huku, valvu inavuja. Ni 1203. Zimamoto tumeshawapigia." Nilitembea haraka kwa miguu. Niliwakuta wamezima pikipiki zote, wamezisukuma mpaka mahali nisipoweza kuzisoma namba zake, na wengine wamesimama barabarani pande zote mbili wanageuza magari kwa kupunga mashati, maana tochi za simu walikuwa wameziogopa. Harufu ilikuwa nzito, imelala chini kwenye mtaro. Dereva alikuwa ameketi mbali, kichwa mikononi.

Mama mmoja alikuwa amekuja na ndoo. Nilimwona kwa nyuma, na kijana yule aliyeniuliza nilikuwa wapi alikuwa amesimama mbele yake, sauti yake ya chini kabisa: "Mama yangu, nakuomba. Nipe mimi hiyo ndoo. Utaikuta." Yule mama alimtazama kwa muda, akamkabidhi, akaondoka. Kijana akaigeuza ndoo mdomo chini kwenye nyasi, akaikalia.

Zimamoto walifika, wakafanya kazi yao, lori likavutwa. Ilipokaribia saa sita usiku pikipiki zikaanza kuwashwa moja moja. Mama alirudi kuchukua ndoo yake. Kijana akainuka, akaifuta ukingo kwa mkono wa shati, akampa ikiwa kavu.