Barua kutoka Vurra

Wifi yangu mpenzi,

Niko Vurra, mpakani kabisa mwa Uganda na Kongo, mwendo wa bodaboda kusini mwa Arua mjini, penye malori yaliyojipanga kusubiri karatasi za forodha yavuke kwenda Aru na Bunia. Hakuna mto unaozitenga nchi mbili hizi. Mpaka unafuata mgongo wa ardhi unaogawa maji: mvua ya upande huu huishia mto Nile, ya upande wa pili mto Kongo. Watu ni Walugbara huku na huko, na Kiswahili changu hakijanilaza njaa.

Nakuandikia kwa sababu ya bibi mmoja sokoni. Alikuwa ametandaza gunia, juu yake vifurushi vya mizizi vilivyofungwa kwa kamba za magome, na vijiti vya udongo, ndugu wa zile pemba unazotafuna kwa siri. Nikashika kifurushi chembamba, nikamwuliza cha nini. Akanitazama tumboni kwanza.

“Hii ya mama iko na mimba. Siku ikifika unachemsha, unakunywa, mtoto inakuja mbio.”

“Kikombe kimoja?”

“Ukiona bado, unaongeza.”

Huko kuongeza ndiko kulikoninyima usingizi, maana mizizi hii naiogopa kwa sababu inafanya kazi. Miaka ya 1960 daktari wa Norway, Lorents Gran, akihudumu Kongo na Msalaba Mwekundu, aliona wanawake wakinywa chai ya mmea waliouita kalata-kalata ili wajifungue upesi. Uchungu uliwajia kwa nguvu za kutisha, na wengine walilazimika kupasuliwa. Alipouchunguza mmea akakuta ndani yake protini ndogo inayokaza mji wa mimba. Baadaye ilijulikana kwamba protini hiyo imeungana ncha kwa ncha na kujifunga fundo ndani yake, ndiyo maana maji ya moto hayaiharibu. Magharibi mwa Uganda nako watafiti walichapisha mwaka 2007 orodha ya mimea 75 inayotumika kuleta uchungu. Sasa fikiri: mti unaoweza kukaza tumbo mwezi wa tisa unashindwaje kulikaza mwezi wa tatu?

Wala usidhani ni mambo ya Afrika peke yake. Uingereza, mwishoni mwa enzi za wafalme wa Tudor, John Gerard aliyeandika kitabu kikubwa cha mitishamba mwaka 1597 aliogopa ua moja bustanini mwake hata akalizungushia vijiti, mjamzito asije akaliruka mimba ikatoka. Hapo alizidisha, kuruka ua hakumdhuru mtu. Wakunga wa Ulaya enzi hizo walikuwa na kitu kikali zaidi: kuvu mweusi anayeota kwenye masuke ya nafaka, waliyempa mzazi uchungu ukichelewa. Madaktari nao wakamchukua, na watoto wengi wakazaliwa wafu, mpaka daktari David Hosack wa New York alipoonya mwaka 1822 kwamba atumike tu baada ya mtoto kutoka, kuzuia damu. Dawa iliyotokana na kuvu huyo bado iko wodini leo, kwa kazi hiyohiyo ya kuzuia damu.

Nilimsimulia hayo mkunga mmoja wa huku. Hakushangaa. “Wanakunywa nyumbani, wakifika kwetu wanaficha,” akasema. Yeye anaona tumbo limekaza halilegei, njia imefunguka sentimita tatu tu, na mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka, kwa sababu kila tumbo linapokaza hewa ya mtoto hupungua. Aliyewahi kupasuliwa yuko hatarini zaidi. Mshono wa zamani unaweza kuachia, mji wa mimba ukapasuka. Tena mkunga asiyejua kilichonywewa anaweza kumtundikia mzazi dripu ya uchungu juu ya mzizi, dawa mbili zinazovuta upande mmoja.

Nikamwuliza kwa nini wanakunywa. Kisu, akasema. Wanaogopa kupasuliwa, na bodaboda ya usiku ni ghali. Sikuona ujinga hapo. Mwanamke aliye mbali na zahanati, ambaye uchungu umemwanza saa nane za usiku, anashika kilicho karibu.

Wewe lakini uko karibu na kliniki. Namjua mama yangu: mwezi wa tisa ukiingia atachemsha kitu, na atakuletea kwa mapenzi. Usigombane naye. Kipokee, ushukuru, usikinywe. Na kama utakuwa umeshakunywa, usione haya: mtajie mkunga ni mti gani, vikombe vingapi na saa ngapi, kabla hajakutundikia dripu.