Baridi ya Njombe

Atokaye pwani hadhani kwamba gari laweza kuhitaji moto. Mwezi wa Julai 2019 niliondoka Makambako baada ya sala ya alfajiri, katika Land Rover kuukuu, kwenda Njombe, mji ulioinuka karibu mita 2,000 juu ya bahari. Mjukuu wangu alikuwa akitetemeka magotini pangu. Dereva akavuta mkono wa hita. Pakavuma baridi tupu.

Akasimama, akatueleza. Maji yaliyopata moto katika injini hupita mpira mmoja hadi rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi. Feni hupitisha hewa hapo, na maji hurudi injini kwa mpira wa pili. Koki iliyo njiani huzidisha au kupunguza joto. Rejeta ile ilipovuja, fundi aliiunganisha mipira yote miwili kwa kipande cha bomba, injini isikaukiwe maji ikaungua. Gari likapona, abiria wakasahauliwa.

Nikamfunika mtoto kwa joho langu, tukafika salama. Siku ya kurudi, dereva alikuwa ametia rejeta nyingine na kutoa hewa mipirani, kwani hewa ikinaswa humo maji hayazunguki. Mtoto akalala usingizi mzito.

Basi atengenezaye chombo, na amkumbuke apandaye.