Siku mama hakufika jumuiyani

Mwaka jana, mwezi wa pili, nilikwenda ofisi ya parokia hapa Dar es Salaam kuandikisha ubatizo wa mwanangu. Katibu aliniuliza swali moja: “Unasali jumuiya gani?” Nikanyamaza. Nimekaa mtaa huu miaka minne, misa ya Jumapili siikosi, lakini jumuiya siijui. Akafunga daftari taratibu. “Anzia huko, dada, halafu urudi.”

Nilitoka nimenuna. Niliona ni urasimu tu, nikasema nitatafuta parokia nyingine.

Miezi miwili baadaye nikapigiwa simu kutoka nyumbani, Choma, wilaya ya Igunga mkoani Tabora. Mama anaishi huko peke yake tangu baba afariki. Alhamisi jioni ni siku ya jumuiya yao, kaya kama kumi na mbili, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Wanasali rozari, wanasoma Injili ya Jumapili inayokuja, wanatoa sadaka kidogo, kisha wanaulizana nani mgonjwa. Mama huwa wa kwanza kufika, na kigoda chake mkononi.

Alhamisi ile hakufika. Walipomaliza wimbo wa kwanza, mwenyekiti akasema, “Huyu mama si kawaida yake,” akamtuma binti mmoja akamwangalie. Alimkuta ameketi mlangoni, mdomo umepinda upande, mkono wa kulia hauinuki, maneno hayatoki.

Sala ikakatishwa. Mmoja akatafuta gari, wengine wakachanga pesa ya mafuta, wawili wakaenda naye hospitali. Aliyebaki akafungia mbuzi wake na kuku.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Dalili za kiharusi nimeziandika mara nyingi: uso kupinda, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito, na kwamba kila dakika inayopotea ubongo unazidi kuumia. Mama nilizungumza naye Jumapili, akasema hajambo. Ujuzi wangu wote ulikuwa huku mjini. Kilichomwahi ni watu waliojua kwamba hachelewi.

Leo mama anatembea kwa mkongojo na dawa za presha anameza bila kukosa. Alhamisi, jumuiya humfuata kwake.

Nimewaza sana tangu siku ile. Ukristo ulifika kwetu kwa njia ya misafara: mwaka 1878 Mapadri Weupe walitoka Bagamoyo kwa miguu wakapita Tabora. Zikafuata shule, zahanati na makanisa makubwa. Lakini mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi, waliamua kwamba kazi ya kwanza ni kujenga jumuiya ndogo ndogo. Nadhani waliona kwamba katika umati mtu anaweza kupotea huku amekaa benchi la mbele.

Sisemi jumuiya ni malaika watupu. Kuna umbeya, na kuna siku michango inazidi sala. Hata mama hulalamika. Lakini ukimuuliza yeye ni nani Choma, hakutajii jina la parokia kwanza. Anataja jumuiya yake.

Niliporudi Dar niliuliza jirani. Kumbe wanasali nyumba ya tatu kutoka kwangu, kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Nikaenda na mtoto mgongoni. Miezi mitatu baadaye alibatizwa.

Juzi Jumamosi mtoto alikuwa na homa, sikwenda. Saa moja na nusu mlango ukagongwa. Alikuwa mama mmoja mtu mzima, ambaye kabla ya hapo tulikuwa tunapishana tu njiani, kashika chupa ya uji.

“Leo hatujakuona, mwanangu. Kuna nini?”

Mzazi mwenzangu, wewe usipoonekana wiki hii, nani atakuja kugonga?